Mfarishi wa Viraka: Habari za Nguo na Matandiko Katika Nchi ya Chato

Katika kitabu cha yubile ni desturi kuandika habari za maaskofu na mapadre, za makanisa na shule, na mwaka ambao kila jengo lilisimamishwa. Hayo yamestahili kuandikwa. Walakini yako mambo mengine yaliyokaa ndani ya nyumba zetu miaka hiyo yote, wala hayakupata mwandishi. Mojawapo ni mfarishi wa viraka, yaani tandiko lishonwalo kwa vipande vya nguo kuukuu, likatiwa pamba katikati na bitana chini yake. Wengi hapa kwetu huliita shuka la viraka tu. Nimekusudia kueleza habari zake kwa utaratibu, kwa sababu ajuaye kuusoma mfarishi mmoja amesoma habari za nchi hii kwa miaka mia na zaidi: nani alileta nguo, nani alilima pamba, nani alipata faida, na nani alibakiwa na vipande.

Kwanza nchi yenyewe. Chato iko upande wa kusini magharibi wa ziwa Victoria. Zamani ilikuwa katika nchi ya Wazinza. Baadaye ikahesabiwa katika wilaya ya Biharamulo, mkoa wa Kagera. Mwaka 2005 ikawa wilaya peke yake, na mwaka 2012 ikatiwa katika mkoa mpya wa Geita. Wazinza na Wasubi ni wenyeji wa tangu zamani. Wasukuma waliingia na ng'ombe zao na mbegu zao za pamba. Na Wahaya hawako mbali. Mchana ni joto, lakini usiku wa Juni na Julai baridi huingia nyumbani. Basi tangu awali watu wa hapa walihitaji kitu cha kujifunika.

Mababu walijifunika ngozi za mbuzi na za ng'ombe, zikalainishwa kwa mafuta. Na watu wa kaskazini na magharibi ya ziwa, hasa Waganda na Wahaya, walikuwa na nguo ya magome. Hutengenezwa kwa gome la mti wa jamii ya mkuyu, ambao Waganda huuita mutuba. Gome hubanduliwa wakati wa mvua, mti ukiwa na maji mengi. Shina hufungwa kwa majani ya mgomba lisikauke, nalo huota gome jipya la kubanduliwa tena. Gome likiisha kulainishwa kwa moto na mvuke, hupigwa kwa nyundo za mti zenye mistari, mpaka limetanuka likawa jembamba, kisha huanikwa juani likapata rangi ya udongo mwekundu. Kazi hii ni ya heshima hata leo, na mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kuwa urithi wa ulimwengu mzima.

Sasa angalia jambo moja. Gome halikosi tundu, kwa kuwa mti una vifundo na matawi. Fundi hakutupa nguo kwa ajili ya tundu. Alikata sehemu mbaya, akatia kipande kizuri mahali pake, akakishona kwa uzi wa mmea, na nguo hiyo ikavaliwa hata barazani kwa wafalme. Maana yake ni kwamba kiraka katika nchi za ziwa hakikuanza kuwa alama ya umaskini. Kilikuwa sehemu ya ufundi. Neno la kumcheka mtu mwenye kiraka lilikuja baadaye, pamoja na nguo za dukani.

Pamba nayo si ngeni kama watu wengi wadhanivyo. Mwingereza Richard Burton alipokaa Unyamwezi mwaka 1857 na 1858, aliwakuta watu wakisokota pamba yao wenyewe na kuifuma kwa mitambo ya miti, na Wafipa walisifiwa sana kwa ufumaji wao. Lakini kazi ya kufuma ilikuwa ndefu, na nguo za kigeni zilikuwa zimekwisha kuingia kwa njia ya misafara. Mwenziwe Burton, John Speke, alipopita Uzinza mwaka 1861, alizuiliwa miezi kadhaa na mtemi Lumeresi. Mtemi huyo alimdai hongo, akashikilia apewe deuli, nguo ya thamani. Mbele kidogo, katika nchi ya Usubi, mtemi Suwarora naye alitoza hongo ya nguo, shanga na nyaya. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya siku zile. Aliyekuwa nayo alipita; asiyekuwa nayo alikaa.

Nguo iliyoenea kupita zote iliitwa merikani, jina lililotokana na Marekani. Mwaka 1833 Seyyid Said, Sultani wa Unguja na Oman, alifanya mkataba wa biashara na nchi ya Marekani, na merikebu za mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, zikaleta shehena za nguo nyeupe nzito, ngumu kuchakaa. Kutoka Unguja iliingia bara juu ya mabega ya wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipozuka huko Marekani, tangu 1861 hata 1865, merikani iliadimika, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikachukua nafasi yake. Hata hivyo jina halikubadilika. Pamoja nayo ilikuja kaniki, nguo iliyotiwa rangi ya nili hata ikawa karibu nyeusi.

Yatupasa kujua pamba ya merikani ilitoka wapi. Ilichumwa katika mashamba ya kusini ya Marekani na watumwa, nao walikuwa watoto na wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu. Basi Mwafrika wa ng'ambo alichuma pamba bila ujira, na Mwafrika wa bara hii aliinunua nguo yake kwa pembe za ndovu. Na huko ng'ambo nako wanawake walishona mifarishi ya vipande. Mmoja wao, Harriet Powers, alizaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia mwaka 1837. Baada ya kupata uhuru wake, katika miaka ya 1880, alishona mfarishi wenye picha za Biblia kwa vipande vya nguo: Adamu na Eva bustanini, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Bwana, Karamu ya Mwisho. Mwaka 1891, kwa kushikwa na shida, aliuuza. Aliomba dola 10, akapewa 5. Alirudi mara kadhaa kwa yule aliyeununua, apate kuutazama tu. Leo mfarishi huo umewekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, mjini Washington, na watu hutoka nchi za mbali kuuona.

Pwani yetu pia ilijua kuunganisha vipande. Husimuliwa kwamba kanga, nguo ya heshima ya wanawake wetu, ilianza mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wanawake wa Unguja na Mombasa waliponunua leso za kuchapwa zikiwa bado hazijakatwa, wakazikata tatu tatu, kisha wakaunganisha safu mbili ikawa nguo moja ya leso sita. Ndiyo sababu katika mji wa Mombasa kanga huitwa leso hata leo. Basi mwanamke ajifungaye kanga kwa maringo asisahau kwamba mama yake kanga alikuwa mshono wa vipande.

Sindano ya chuma na ushonaji wa darasani viliingia pande zetu zaidi kwa mkono wa misioni. Mapadre Weupe walijenga Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883, na baadaye Ushirombo. Masista Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algeria mwaka 1869, walifika Ushirombo katika miaka ya 1890. Pamoja na kusoma na kuuguza wagonjwa, wasichana walifundishwa kupiga bandi, kukunja upindo na kutia kiraka kisichoonekana. Mafundi wa cherehani, waliokaa barazani mwa maduka ya Wahindi, walikuwa wanaume karibu wote. Bali sindano ya mkono ilikaa nyumbani kwa mama. Fundi alikata, akatupa ncha na pembe za kitambaa; mtoto akatumwa kuziokota; mama akazitia kapuni. Hivyo mfarishi ulipata mali yake kutoka mahali pawili: nguo kuukuu za nyumbani, na mabaki ya mkasi wa fundi.

Vita Kuu ya 1914 hata 1918 iliwapa watu wetu somo. Manowari za Waingereza zilifunga bandari za nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, na nguo za ng'ambo zikakoma. Hapo Wajerumani wenyewe waliwataka wanawake wa Kiafrika wasokote na kufuma tena, na nguo zikatiwa rangi kwa magome ya miti. Kazi iliyokuwa imedharauliwa kwa miaka mingi ikahitajiwa katika mwaka mmoja. Vita ilipokwisha, nguo za meli zilirudi, na mitambo ya miti ikasahauliwa mara ya pili.

Badala yake ikaja pamba ya kuuza. Serikali ya Waingereza iliwahimiza watu wa Jimbo la Ziwa kuilima, kituo cha Ukiriguru kikachunguza mbegu zilizofaa nchi hii, na reli ikafika Mwanza mwaka 1928. Tangu hapo mwaka wa nyumbani ulifuata mwaka wa pamba, na mfarishi ukaufuata nao.

Utaratibu wake ni huu. Mvua zikishika, Novemba na Desemba, mikono yote iko shambani kupanda, wala hapana wa kushika sindano. Toka Januari hata Aprili ni palizi. Lakini siku ya mvua kubwa jembe hulala, na wanawake hukaa ndani wakishona uso wa mfarishi. Kazi ya uso ni kazi ya mvua, kwa kuwa yataka mwanga wa mlangoni na subira tu. Vipande hufuliwa kwanza, kisha huchaguliwa kwa uzito, si kwa rangi peke yake. Kaniki nzito haishonwi pamoja na kanga iliyochakaa, kwani nzito huirarua nyembamba. Hupimwa kwa shibiri, hukatwa sawasawa, huungwa kuwa mikanda, na mikanda huungwa kuwa uso mmoja. Hapo ndipo mama humwonyesha binti yake: kipande hiki ni kanga ya bibi, hiki ni kanzu ya babu, hiki ni shati la kaka yako la shule.

Mwezi wa Mei na Juni pamba hupasuka, na uchumaji huendelea hata Agosti. Pamba iliyochumwa hutengwa mafungu mawili: safi na fifi. Safi huenda sokoni. Fifi, yaani yenye madoa na uchafu, bei yake ni ndogo, na katika nyumba nyingi sehemu yake ilibaki kuwa mito na mifarishi. Kiangazi ndicho wakati wa kujaza, kwa sababu pamba iliyotiwa ikiwa na unyevu huoza na kunuka. Huchambuliwa kwa vidole mpaka mbegu zote zimetoka, maana mbegu ina mafuta nayo huwaita panya. Hutandazwa juu ya bitana, ambayo mara nyingi ni gunia la unga lililofuliwa au blanketi lililochakaa. Uso hulazwa juu. Kisha hupigwa bandi kwa mistari ya karibu karibu, pamba isije ikakimbilia pembe moja. Kabla ya tarehe 15 Septemba, ambayo ndiyo mwisho wa kung'oa na kuchoma masalia ya pamba kwa kuwazuia wadudu, mfarishi mpya huwa tayari, na wa zamani hutolewa juani kufukuza kunguni. Kisha mvua hurudi, na mwaka huanza tena.

Hebu tulifikiri fungu lile la fifi. Mkulima alilima shamba zima. Pamba safi ilipanda gari la moshi na meli, ikaenda Ulaya na Bara Hindi, ikarudi dukani ikiwa kitambaa chenye bei isiyofikiwa na wengi. Kilichobaki mikononi mwake ni fifi na matambara. Wala bei ya safi haikuwa ya haki sikuzote, kwani wakulima walinung'unika kwa miaka mingi juu ya mizani za wanunuzi. Kwa manung'uniko hayo walifanya vyama vyao, na kwa uongozi wa Paul Bomani vyama hivyo viliungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, kimojawapo cha vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Baada ya Uhuru vilijengwa viwanda vya nguo, Urafiki katika Dar es Salaam na Mwatex katika Mwanza, na watu wakatumaini kwamba sasa pamba ya nyumbani itavaliwa nyumbani.

Tumaini hilo lilipungua. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, ijapokuwa vilirudishwa baadaye. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikula fedha ya nchi, na katika miaka ya mwanzo ya 1980 nguo ziliadimika kama zilivyoadimika zamani za Vita ya Pili ya Dunia. Watu walisimama foleni kwa kipande cha khanga, na wako waliovaa magunia. Siku zile mwenye kapu la matambara alikuwa tajiri. Mifarishi ilifumuliwa, vipande vyenye nguvu vikashonwa kuwa nguo za watoto, na vilivyodhoofika vikarudi kuwa tandiko. Msomaji aliyezaliwa baadaye asidhani kwamba ni hadithi. Awaulize wazee wake.

Mwaka 1984 serikali ilifungua mlango wa biashara, na nguo za mitumba zikaingia kwa wingi. Haikatazwi kusema kwamba zilituliza shida kubwa. Mtoto alipata sweta, mzee alipata koti. Lakini viwanda vyetu vilidhoofika, na mitumba ni sababu mojawapo, ijapokuwa si ya pekee. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliazimu kuipunguza mitumba mpaka iishe. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, na serikali yao ikatisha kuondoa nafuu ya ushuru. Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo za Rwanda zikanyimwa nafuu hiyo. Tazama jinsi mambo yazungukavyo: zamani za Seyyid Said nguo ya Marekani iliingia ikiwa mpya, na siku hizi huingia ikiwa imekwisha kuvaliwa. Na sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania hata leo huuzwa ng'ambo bila kufumwa.

Kwa ajili ya mitumba, mifarishi imepungua. Blanketi la kununua ni jepesi na rangi zake ni nzuri. Kijana aliyeoa karibuni huona haya kutandika viraka mbele ya wageni. Simlaumu kwa kupenda kitu kipya. Namkumbusha tu kwamba tandiko analolionea haya halikutokana na uvivu wala ujinga. Mama aliyelishona alikuwa amekwisha kulima pamba iliyowavika watu asiowajua, kisha kwa mabaki akawafunika watoto wake wote, hata mmoja asilale baridini. Watu wenye akili wakimwona Harriet Powers kuwa fundi wa kuwekewa jumba Washington, nasi tuwahesabuje mama zetu wa Chato?

Kwa hiyo natoa shauri, nalo halina gharama. Katika mwaka huu wa yubile, kila nyumba yenye mfarishi wa zamani iutoe sandukuni, iuanike, na kijana ajuaye kuandika akae karibu na bibi yake na daftari. Amwulize kipande kwa kipande: nguo hii ilikuwa ya nani, ilinunuliwa dukani mwa nani, mwaka gani, na kwa kilo ngapi za pamba. Aandike majibu kama yalivyo, wala asiyapambe. Na mama wa vikundi vya ushonaji wafundishe wasichana na wavulana pia kupiga bandi na kuunga viraka, maana dukani hamkosi kupungua, nasi tumeona ya kuwa nguo ziliadimika zaidi ya mara moja katika maisha ya watu watatu wafuatanao.

Nyumba zetu nyingi hazina picha za mababu wala vitabu vya ukoo. Lakini kanzu ya babu imo katika mfarishi, na kanga ya bibi imo, na gunia la unga la mwaka wa njaa limo pia upande wa chini. Wenye kujua majina ya vipande hivyo wamezeeka. Tuwaulize mwaka huu.